Mficha Kifo

Jina la mamangu mdogo liko ubaoni
kwa chifu, Mtopanga, karatasi ya tatu,
mstari wa kumi na saba, palipolowa mvua:
Mwanamkasi Shee Bakari. Hai.

Nilikwenda kwa shughuli nyingine, barua ya bursari ya mwanangu.
Nikasoma mara mbili. Nikaweka kidole juu ya jina
kama anayefinya mdudu, kisha nikakiondoa.

Kwani ndimi niliyemkosha.
Mimi na Bi Somoe, nyuma ya pazia la leso mbili,
maji ya majani ya mkunazi, kafuri, udi.
Nilimfunga kidevu. Nilimnyoosha vidole kimoja kimoja,
na kile cha gumba kilikuwa na wino bado,
wino wa zambarau wa siku ya malipo.
Nilisugua. Haukutoka wote.

Alizikwa Kikowani baada ya alasiri.
Twaha alikuwa mbele, jeneza begani, akilia kwa sauti,
mwanawe wa pekee, na kilio kile hakikuwa uongo.

Tangu hapo ni miezi kumi na minne.
Elfu mbili kila mwezi, pesa za wazee.
Hesabu si ngumu. Nimeifanya kitandani,
nikaifanya tena nikikanda unga.
Ishirini na nane elfu.

Pengine karatasi ni kuukuu. Pengine pesa zimelala benki
na hakuna aliyezigusa. Naomba iwe hivyo.
Lakini Kauthar, bintiye Twaha, ana dawa mpya ya pumu, ya kupuliza,
ile ambayo hospitali huiandika tu, haitoi,
na Twaha hana kazi tangu kiwanda cha misumari kifungwe.

Na pilau ya arubaini, masufuria matatu,
mwalimu akapewa bahasha yake:
niliila. Niliomba hata ukoko.
Sasa najiuliza
kama marehemu hakujilipia arubaini yake mwenyewe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Na mficha kifo je, huumbuliwa na nani?
Na mimi, ndivyo inavyoelekea. Na mimi, muuza mahamri.

Mzee Nzaro, mlango wa pili, ana miaka sabini na minne.
Jina lake alilipeleka zamani.
Akienda kuuliza huambiwa: orodha imejaa,
mtu akitoka, utaingia.
Kila asubuhi huja kuchukua mawili na mbaazi, kwa deni.
Namwandikia daftarini, naye hanitazami usoni,
hutazama mafuta yanavyochemka.
Mtu akitoka.
Mtu alitoka, mzee. Nilimkosha.

Naweza kusema. Ni sentensi moja tu, kwa naibu wa chifu.
Twaha atafungwa, au ataambiwa alipe,
na hana cha kuuza ila kitanda cha mamake.
Naweza kunyamaza, na mahamri yataumuka vile vile.

Jana usiku nikampigia.
Sikumwita mwizi. Nilisema: Twaha,
mamako hujamaliza kumzika.
Kimya. Nyuma yake nikasikia mtoto akikohoa,
au ni redio, siapi.
Akasema: Serikali haina mama, dada. Nimemwibia nani?
Nikasema: Mzee Nzaro.
Akauliza: Ndiye nani huyo?
Nikaanza kumweleza, mlango, daftari, mafuta,
mpaka salio likaisha.

Nilimwandikia ujumbe kwa simu ya mwanangu:
Nakupa hadi Ijumaa. Nenda mwenyewe, na cheti cha kifo mkononi.
Hajajibu. Wala sijui nitafanya nini
Ijumaa ikifika na jina lingali pale.

Leo ni Jumatano. Mzee Nzaro amekuja mapema.
Nimemfungia matatu, nikaandika mawili.
Amefungua gazeti palepale, amehesabu,
amerudisha moja kwenye sinia.
Umekosea hesabu, mwanangu, akasema.